Baada ya Arubaini, Rudini kwa Familia ya Malenga

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa katibu wa kikundi chetu kidogo cha washairi hapa Tanga, na kazi hiyo imenizoeza kuandika barua za aina mbili kuliko nyingine zote: za pongezi na za rambirambi. Mara nyingi hufuatana. Mwaka 2020 tulimpoteza mshairi na mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi mwezi Januari, na mazungumzo juu yake hayajapoa, Aprili ikamchukua mwandishi Ken Walibora, aliyegongwa na gari jijini Nairobi. Mwaka 2021 akaondoka Haji Gora Haji, malenga wa kisiwa cha Tumbatu, na mwaka huohuo, Oktoba 7, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na simu yangu ikalia hadi usiku. (Baadhi ya waliopiga hawakuwa wamesoma hata ukurasa wake mmoja, nami nilikuwa nimesoma kitabu kimoja tu, kwa hiyo simcheki mtu.)

Ushauri wangu unatokana na kosa letu wenyewe. Mwenzetu mmoja, mzee aliyetunga mashairi kichwani huku akifuma nyavu na kuyaandika jioni kwenye madaftari ya shule, alifariki tukiwa tumemshangilia kwenye hafla zisizo na idadi. Msibani tulimsomea taabini, yaani shairi la maombolezo, iliyotimia vina na mizani, tukahudhuria hitima, tukaondoka. Tuliporudi mwaka mmoja na nusu baadaye kutafuta mashairi yake ili tuyachapishe, tuliambiwa kwamba chumba chake kilikuwa kimepangishwa, madaftari yakatolewa uani, na masika yakayakuta hukohuko. Watoto wake siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaambia thamani ya makaratasi yale. Sisi ndio tuliojua, nasi tulinyamaza tukidhani ni utovu wa adabu kuulizia madaftari katika nyumba yenye msiba.

Adabu hiyo ni ya kweli, wala simshauri mtu aivunje. Subirini matanga yaanuliwe na arubaini ipite, kisha nendeni watu wawili, mmoja wenu akiwa anafahamika vyema kwa familia, na msiende na begi la kubebea chochote. Siku ya kwanza iwe ya kuorodhesha tu: kila daftari lipewe namba na kupigwa picha mbele ya wenyewe, kisha lirudishwe lilipokuwa. Kama marehemu alikuwa akitunga kwenye simu, ombeni isiuzwe wala kufutwa kabla mashairi hayajanakiliwa. Waelezeni pia warithi kwamba, kwa sheria za Tanzania na za Kenya, hakimiliki ya maandishi hudumu katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mikataba ya wachapishaji itafutwe kwa bidii ileile inayotafutiwa hati ya shamba, na mrabaha, yaani malipo ya mtunzi kutokana na mauzo, ukiwapo ni mali yao. Kikundi kisijitwalie mirathi kwa kisingizio cha mapenzi.

Hata hivyo, kazi hii huwa nyepesi zaidi ikianzwa siku ya furaha. Tangu kosa lile, mwenzetu akizindua kitabu au akipata tuzo hatumchangii keki wala fulana zenye picha yake. Fedha hizo hununua nakala za kitabu chenyewe, na alasiri, kabla mgeni rasmi hajafika, mmoja wetu huketi naye na kinasa sauti ili asome shairi kwa sauti yake na aeleze lilivyomjia. Mwanzoni wazee walihisi tunawachulia kifo. Mmoja aliniuliza iwapo sanda nayo nimeshainunua. Nikamjibu kwamba sanda ni kazi ya wanawe, mimi nautaka ule ubeti wa tatu anaoubadilisha kila anapousoma. Alicheka sana, akanisomea namna zote nne.