Injinia Anapostaafu, Mwombe Mtembee Barabarani

Kama umeripoti kazini karibuni katika ofisi ya barabara hapa Kisumu, huenda sherehe yako ya kwanza ikawa ya kumuaga mtu. Walioajiriwa enzi za Wizara, kabla Sheria ya Barabara ya 2007 haijazaa KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) na KeRRA (za vijijini), wanafikisha miaka 60 mmoja baada ya mwingine. Utaona keki, soda, blanketi na saa ya ukutani, na utasikia hotuba za kilomita za lami. Piga makofi. Ila kabla ya siku hiyo, mwombe mzee akupe asubuhi moja mtembee kwa miguu kando ya barabara, tena iwe asubuhi ya mvua.

Mimi ni fundi wa maabara ya udongo, na injinia tunayemuaga safari hii nimemjua zaidi matopeni kuliko mikutanoni. Mvua ikitanda, wengine tulisogeza viti mbali na dirisha. Yeye alitafuta gambuti. Jua likiwaka, kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, iliyoziba na iliyo wazi hufanana.

Chukua uwanda wa Kano, pale Ahero. Chini kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ufa mrefu ukijitokeza sambamba na ukingo wa lami, mgeni huagiza lami ya kuuziba. Mzee huteremka mtaroni kwanza. Maji yaliyotuama humo hupenya chini ya bega la barabara, ukingo ukafura huku katikati pakibaki pakavu. Kiangazi kikija ukingo unanywea, lami inakatika. Ukiziba bila kuyatoa maji, utarudi kuziba tena, na fedha ni zilezile za ushuru wa mafuta. Tiba kubwa zipo, kama kuuondoa udongo huo, kuuchanganya na chokaa au kuinua tuta, lakini hizo ni za wakati wa ujenzi. Wewe uliyeikuta barabara imeshajengwa, anza na jembe na mtaro.

Kisha muulize habari za kalvati. Kwenye mchoro zote ni mistari tu. Bomba la milimita 900, kijana anaingia na koleo akalisafisha. La 600 likijaa mchanga na chupa za plastiki, jiandae kwa kazi ngumu. Atakuonyesha pia ni wapi mto Nyando ukivunja kingo maji hutokea upande ambao mchoro haukuutarajia. Hilo halimo katika faili. Aliambiwa na akina mama wa mashamba ya mpunga, na wazee waliomwonyesha alama ya mafuriko kwenye kuta za nyumba zao. Kwa hiyo salimia kabla ya kuuliza. (Injinia wetu hakuzaliwa huku, lakini "amosou" yake, salamu ya Kijaluo, ilimfungulia milango mingi kuliko kitambulisho cha kazi.)

Ukipangiwa mizani ya malori, iwe Webuye au Gilgil, utasikia maneno mengi. Weka hesabu hii kichwani: ekseli (mhimili wa magurudumu) moja yenye magurudumu pacha inaruhusiwa tani 10, na uharibifu wa barabara hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito. Zikiwa tani 12, ekseli hiyo inaila barabara karibu mara mbili. Basi usicheke mtu akikuambia, "Ni tani mbili tu, bosi." Mzee hakucheka.

Habari ya barabara ipi ni ya nani utaijua haraka, maana karibu kila kikao huanzia hapo. Muuza samaki ambaye mtaro umemwaga maji kibandani mwake haimhusu. Usimjibu kwamba hiyo ni ya kaunti. Andika lalamiko lake, mpigie anayehusika simu yeye akisikia.

Omba na madaftari yake, upige picha kila ukurasa. Aliandika kwa penseli, kwa kuwa wino hutoka ukilowa. Utakuta kalvati ilizibuliwa lini, maji yalifika wapi, changarawe ilichimbwa kilima gani na ikafaa au haikufaa. Mimi nilipima changarawe hiyo kwenye maabara, na bado madaftari yake yananizidi, kwa sababu yanasema ilivyokuwa baada ya misimu kadhaa ya malori.

Wahitimu mnaojiandaa kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi, msingoje. Mafunzo yenu yanahitaji msimamizi aliyesajiliwa, na mkimtafuta baada ya keki kukatwa mtahangaika. Pelekeni ripoti sasa, mkubali ajaze pembeni maswali yenye hasira kidogo. Laini ya ofisi atairudisha, hivyo chukueni namba yake binafsi. Na mkimpigia, pigeni jioni. Mchana atakuwa shambani, na tayari ametuambia ana mitaro ya kuchimba huko pia.