Kifua Kipana Hakileti Ribaundi

Kila kijana anayeanza kuuchukulia mpira wa kikapu kwa uzito huja na swali lile lile: "Kocha, nipige pushapu ngapi kwa siku?" Nami humrudishia swali: ukiwa uwanjani, nani anakuhamisha? Kama hakuna, pushapu zako zinatosha. Kama ukibanwa kidogo tu chini ya goli unajikuta umetupwa pembeni, basi tuna la kuzungumza.

Nimecheza fowadi miaka mingi nikiwa na mwili mwembamba, na sasa nafundisha vijana. Kwa niliyoyaona, nguvu ya mabega, mikono na mgongo ina kazi moja kubwa katika mchezo huu: kukufanya usihamishike. Ukiitafuta kwa sababu nyingine, utapata mwili wa kupigia picha na mchezo wako utabaki pale pale.

Tuanze na mtupo, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Mpira namba 7, ule wa wanaume, hauzidi gramu 650. Huo si mzigo. Mtu mzima ambaye mtupo wake wa pointi tatu unafia mbele ya ringi mara nyingi hana tatizo la mikono. Magoti yake hayakunjiki. Jaribu mwenyewe. Simama kwenye mstari wa mitupo huru, tupa bila kukunja goti hata kidogo, kisha rudia ukikunja. Utajua mara moja nguvu inatoka wapi. Inaanzia miguuni, inapanda kupitia nyonga na kiuno, inafika begani, halafu kiwiko na kiganja vinamalizia kwa kuuelekeza mpira. Kiuno kikilegea au bega likichoka, nguvu inavuja njiani, ndiyo maana kufika robo ya nne mtupo unaanza kuwa mfupi. Bega lina sehemu yake hapo, ila ni sehemu ya kupitisha nguvu. Inayoizalisha ni miguu.

Watoto ni habari nyingine. Mpe mtoto wa miaka 10 mpira namba 7 ataurusha kutoka kiunoni, mwili mzima umepinda, na mtindo huo ukishamkaa kuutoa ni kazi. Usimkimbize kwenye pushapu. Mpe mpira namba 5, ushushe na ringi kama inawezekana, nguvu zitakuja na umri.

Sasa twende chini ya goli, maana huko ndiko nguvu ya juu inakolipa. Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinampa kila mchezaji silinda yake ya kufikirika: mbele inaishia kwenye viganja, nyuma kwenye makalio, pembeni kwenye mikono na miguu. Mikono unaweza kuiweka mbele ya kifua viwiko vikiwa vimekunjwa, lakini isipite mbele ya nyayo na magoti yako. Ukimsukuma mtu kwa kunyoosha mikono, ni faulo. Kumbe ile nguvu ya benchi presi, ya kulala chali na kunyoosha mikono dhidi ya uzito, ndiyo hasa mwamuzi anayokukataza kuitumia! Unachoruhusiwa ni kukaa mahali pako, kiwiko kimekunjwa, mgongo umekaza, mtu mzito kuliko wewe akikuegemea nawe husogei. Hiyo ni nguvu ya kushikilia, na inatoka mgongoni, kiunoni na nyongani kuliko kifuani.

Nimekabana na masenta, wale wakubwa wanaocheza chini ya goli, waliojaza kifua kiasi kwamba jezi inawabana, na baadhi yao walikuwa wepesi kuwaondoa. Walisimama wima. Ukichuchumaa kidogo, nyonga yako ikawa chini ya yake, mgongo wako ukagusa mapaja yake, kifua chake hakina pa kushika. Mwenye kiuno kigumu aliye chini anamshinda mwenye kifua kikubwa aliye juu, na hili nalisema kwa furaha ya mtu mwembamba.

Kuna sehemu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni vidole na mikono ya mbele, kuanzia kiwiko kushuka. Ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, nyingi hazipotei hewani, zinapotea baada ya kudakwa. Umeruka vizuri, mpira uko mikononi, unatua, mtu anaupiga kofi kutoka chini na umekwenda. Vivyo hivyo kwenye lei-apu, ule mtupo wa karibu unaopigwa ukiwa unakimbilia goli: ukigongwa begani wakati mpira uko mkono mmoja, mkono usiotetereka unakupa kikapu na mtupo huru wa nyongeza. Mkono uliolegea unakupa mitupo miwili tu, tena kama mwamuzi ameona.

Wanaopinga mazoezi ya vyuma hupenda kumtaja Kevin Durant. Kweli, kwenye vipimo vya wachezaji waliokuwa wakisubiri kuchaguliwa na timu za NBA, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2007, alishindwa kunyanyua benchi presi ya ratili 185, karibu kilo 84, hata mara moja. Akachaguliwa wa pili, akaongoza ligi kwa kufunga mara nne, na mwaka 2014 akawa mchezaji bora wa ligi. Mimi pia namtaja, lakini kwa uangalifu. Durant ana zaidi ya mita mbili na anatupia juu ya mikono ya kila mtu. Wewe na mimi lazima tupite katikati ya watu. Kipimo kile kilionyesha udhaifu wa benchi presi kama kipimo. Hakikuonyesha kwamba nguvu haina kazi.

Upande wa pili yupo Michael Jordan. Detroit Pistons waliitoa timu yake, Chicago Bulls, kwenye mchujo wa ubingwa miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na sehemu kubwa ya mbinu yao ilikuwa kumgonga kila alipoingia ndani. Akaanza kufanya mazoezi ya nguvu na mkufunzi Tim Grover, akaongeza uzito kidogo kidogo, na mwaka 1991 Bulls wakawafunga Pistons hao hao kwa mechi 4-0 kabla ya kutwaa ubingwa. Kilichobadilika Bulls hakikuwa mwili wake peke yake, lakini mtu anayejua atagongwa kila akiingia ana sababu nzuri ya kwenda jimu.

Giannis Antetokounmpo naye aliingia NBA mwaka 2013 akiwa kijana mwembamba, akajijenga hadi mabeki wakaanza kumpisha. Lakini tazama mitupo huru: msimu wa 2016–17 alifunga asilimia 77, msimu wa 2019–20 akashuka hadi 63. Sisemi ni misuli iliyoleta hayo. Nasema misuli haikuyazuia.

Kwa hiyo ufanye nini? Vuta zaidi ya unavyosukuma. Vijana wengi wanapenda pushapu na benchi presi kwa sababu matokeo yanaonekana kwenye kioo, halafu mabega yanaanza kuvutwa mbele, na kuinua mkono juu ya kichwa, jambo unalolifanya mechi nzima, kunaanza kuuma. Kwa kila seti ya kusukuma mimi huwapa mbili za kuvuta: kujivuta kwenye chuma hadi kidevu kipite, au kuvuta dambeli huku umeinama mgongo umenyooka. Asiyeweza kujivuta hata mara moja aanze kwa kuruka juu, kisha ashuke polepole. Kushuka polepole kunajenga vilevile.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina umaridadi: shika vitu vizito mikono yote miwili, mabega nyuma, tumbo limekaza, tembea. Linajenga vidole, mikono ya mbele, mabega na kiuno kwa pamoja, na huhitaji jimu, ndoo mbili za maji zinatosha. Ongeza planki, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, na ukiwa na mpira mzito wa mazoezi, urushe ukutani kwa kuzungusha nyonga. Pushapu zibaki, mkono mmoja mmoja uwekwe juu ya mpira wa kikapu ili bega lijifunze kutulia. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha, ukiacha angalau siku moja kati ya siku na siku.

Usishangae ukipata nguvu wiki za kwanza bila mwili kubadilika. Mwanzoni ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamsha misuli uliyo nayo tayari. Kujaa kunakuja baadaye. Wapo wanaokata tamaa hapo kwa sababu shati bado linapwaya, wakati uwanjani tayari hawasukumwi ovyo.

Na usiache kutupa katika kipindi hicho. Mikono iliyotoka kunyanyua vyuma inahisi mpira tofauti, na ukikaa wiki nzima bila kutupa unaporudi kila kitu kinapita ringi au kinagonga ubao. Nawaambia vijana wamalize kila kipindi cha vyuma kwa mitupo ya karibu kabisa, hatua mbili kutoka kwenye goli, wakirudi nyuma taratibu mpaka mkono ukumbuke. Msimu wa mechi ukianza, punguza seti lakini uzito uache karibu pale pale, na siku ya kuamkia mechi mabega yapumzike.