Maji ya mvua yanang'oa matete ukingoni mwa Sabaki

Pole ndugu yangu. Umesema maji ya paa yamechimba mfereji katikati ya matete yako hapo ukingoni mwa Mto Sabaki, na kila ukipanda upya yanang'oa. Basi usipande kwanza. Tatizo liko juu, si ukingoni. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 40 ni lita 2,000, na wewe umezimwaga sehemu moja!

Weka tangi. Yatakayofurika yakinge kwa mtaro unaofuata kontua (mstari wa ardhi iliyo kimo kimoja), tuta upande wa chini, ulipande vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu, ili maji yapungue kasi na kutawanyika. Mimi nilijaza mawe mferejini tu, maji yakapita pembeni, nikawa na mifereji miwili.

Ukingo ukianza kumeguka, usichimbe. Waone Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na viboko wa mtoni je? Usishuke huko alfajiri.