Jibu: Corolla 110 inachemka kwenye jam tu

Salamu ndugu. Umesema Toyota Corolla 110 yako inachemka ukikwama kwenye jam ya Jogoo Road hapa Nairobi, lakini ukishika Thika Road na kukimbia, mshale wa joto unashuka. Anza na feni kabla hujanunua rejeta (kipozea maji ya injini) nyingine. Gari likikimbia upepo hupoza rejeta. Likisimama, kazi yote ni ya feni.

Washa injini, kisha AC. Feni isipozunguka, kagua fyuzi na rilei (swichi ndogo inayopeleka umeme kwa feni), halafu ipe mota ya feni umeme moja kwa moja kutoka kwa betri. Ikizunguka, mota ni nzima: tafuta shida kwenye rilei, waya au swichi ya joto.

Kifuniko cha rejeta nacho wengi hukidharau. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94 tu. Raba ya kifuniko ikichoka, presha hutoroka. Kifungue injini ikiwa baridi kabisa!

Tafadhali usikubali fundi aing'oe thermostati, vali inayodhibiti joto la injini. Injini itachelewa kupata joto na kunywa petroli zaidi. Weka kulanti (maji maalum ya kupoza injini), si maji ya mfereji yanayoleta kutu. Ukiona mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, na uache kuliendesha gari.