Rigobert Song: beki aliyekuwa kocha wa Cameroon

Wapo wanaosema Song "alifeli tu" akiwa kocha; si haki, ingawa kama mchezaji uwanjani alikuwa mkubwa zaidi. Ni beki mwenye mechi 137 za Simba Wasiofugika, yaani timu ya taifa ya Cameroon, na mataji mawili ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), 2000 na 2002. Fainali ya 2000 pale Lagos, yeye ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoizamisha Nigeria. Doa lake ni papara: kadi nyekundu Kombe la Dunia 1994 dhidi ya Brazil akiwa na miaka 17, na nyingine 1998 dhidi ya Chile.

Alipewa timu Februari 2022. Mwezi uliofuata, katika mchujo wa kufuzu Kombe la Dunia, walifungwa 1-0 na Algeria nyumbani Douala, wakashinda 2-1 ugenini Blida, bao la ushindi la Toko Ekambi likiingia dakika za nyongeza za muda wa ziada. Jumla ikawa 2-2, na sheria ya bao la ugenini, inayompa ushindi aliyefunga mengi zaidi ugenini, ikawapeleka Kombe la Dunia Qatar.

Huko, mechi ya Serbia inaeleza mengi. Cameroon wako nyuma 3-1, Song akamwingiza mshambuliaji Aboubakar. Mabeki wa Serbia walikuwa wamepanda mno, mipira ikapitishwa nyuma yao, ndani ya dakika chache ikawa 3-3. Kisha wakaifunga Brazil 1-0, lakini kufungwa na Uswisi katika mechi ya kwanza kulishawagharimu.

AFCON ya Ivory Coast, mwanzoni mwa 2024, ndiyo iliyomwondoa. Ulinzi ulivuja: mabao 3 kutoka Senegal, 2 kutoka Gambia, kisha Nigeria wakawatoa kwa 2-0 hatua ya 16 bora. Kwa timu ya beki wa aina yake, hilo liliuma.