Gari likichemsha, usikimbilie kubadilisha rejeta

Wiki hii dada mmoja wa Dodoma ameniandikia. Ana Toyota Spacio, inachemsha. Ameshabadilishiwa rejeta, kile kipozea maji ya injini, na bado inachemsha, na sasa fundi anamwambia injini imekwisha, atafute ya mtumba. Nimeusoma ujumbe ule damu ikanipanda, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Spacio yangu ni ya toleo la pili, lile lililotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2007, yenye injini ya aina ya 1NZ, ya lita 1.5. Niliichagua mwenyewe. Shemeji zangu walitaka tuchukue gari la juu, la kuonekana. Mimi nilitaka safu tatu za viti, watoto wakae na bibi yao akae, mafuta yasinitoe jasho, na spea nizipate Kariakoo bila kuagiza. Naamini hata wewe unayesoma hapa unataka gari la namna hiyo, la kukufikisha na kukuachia ada ya shule.

Lilianza kuchemsha kwenye foleni ya Buguruni, Dar. Nikisimama, mshale wa joto unapanda. Barabara ikifunguka na upepo ukaingia, unashuka wenyewe. Nilimweleza fundi hivyo, neno kwa neno. Akamgeukia mume wangu, ambaye hata gari haendeshi, akamwambia, "Bosi, hapa ni rejeta." Swali nimeuliza mimi, jibu kapewa yeye. Linaniuma hadi leo, na sioni aibu kulisema.

Rejeta ikabadilishwa, gari likachemsha. Fundi wa pili akang'oa themostati, akasema nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Utalisikia hilo gereji nyingi, na si kweli. Themostati hufunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuiweka hapohapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi, inazidi kumwaga petroli. Nikawa kila mara niko kituo cha mafuta, na Buguruni mshale ulipanda vilevile.

Jioni moja niliwasha gari uani, nikawasha AC, nikafungua boneti. Kwenye gari hili ukiwasha AC feni ya rejeta lazima izunguke. Yangu ilikuwa imesimama kimya. Nikaigonga mota yake kwa mpini wa bisibisi: ikazunguka kidogo, ikasimama. Nikagonga tena, ikashtuka, ikasimama. Kesho yake fundi umeme aliifungua mbele yangu, kaboni, zile brashi za kupeleka umeme ndani ya mota, zimelika zimebaki vipembe. Akaweka nyingine, nikarudisha na themostati mpya. Gharama haikukaribia hata nusu ya ile rejeta. Mwisho wa mwaka tulipanda Lushoto, gari limejaa watu na mizigo, zile kona zote kutoka Mombo hadi Soni, mshale haukuvuka nusu. Shemeji yangu mmoja alikuwemo ndani. Hakusema kitu.

Kwa hiyo, dada yangu, angalia kwanza linachemsha lini. Likichemsha foleni na kupoa likitembea, anza na feni: mota, rilei (swichi yake ya umeme), fyuzi. Likichemsha mlimani au mwendo mkali, shuku maji kupungua, pampu ya maji, au rejeta iliyoziba. Maji yakipungua na huoni yanakovujia, subiri injini ipoe kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, uwashe gari. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gasketi ya silinda hedi, kizibo cha chini ya kichwa cha injini, huenda imeungua. Chomoa na kijiti cha oili: oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, usiliwashe tena. Injini hii ni ya aluminiamu, ukiliendesha likiwa limechemsha hedi inapinda, na hapo ndipo kweli utaambiwa utafute injini.

Mfuniko wenyewe wa rejeta utazame pia. Mpira wa chini ukipasuka, presha haikai, na maji yanachemka mapema kuliko inavyotakiwa. Na jamani, acheni kujaza maji ya kisima. Maji mengi ya visima vya Dar yana chumvi, yanakula aluminiamu na kuziba njia za rejeta. Nunua kulanti, maji maalumu ya kupozea injini.

Matatizo mengine ni yaleyale, anza na kitu kidogo. Likigonga chini mbele kwenye vishimo vidogo, kagua linki za stabilaiza na bushi, vile vyuma na mipira midogo ya kwenye miguu ya gari, kabla hujakubali shokapu nne. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachie. Likirudi na kutulia, shokapu ni nzima. Gia boksi ya otomatiki ya hii 1.5 inataka oili ya Toyota ya aina ya T-IV, si yoyote nyekundu iliyopo dukani.

Oili ya injini ni lita 3.7 ukibadilisha na filta. Galoni ni lita 4, na mafundi wengi humimina yote. Kataa. Simama pale, kijiti kisomwe mbele yako. Akina mama wenzangu, nasema nanyi hasa: msikae kwenye benchi mkisubiri kuitwa kulipa. Gari ni lako, fedha ni yako, uliza, shika spea iliyotolewa, iangalie. Fundi mwema hachukii kuulizwa, na wapo wengi. Huyu fundi umeme wangu alinieleza kila waya.

Na ukitajiwa gharama ya kubadilisha mkanda wa taiming kwenye 1NZ, chukua ufunguo wako uondoke. Injini hiyo haina mkanda huo, ina cheni.