Kuweka PostgreSQL kwenye kompyuta ya nyumbani

Ndugu, umeuliza kama kompyuta yenye RAM ya GB 4 inafaa kuwekewa PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata (database), kwa kujifunzia, na kwa nini programu yako inakataa kuunganishwa nao ilhali usakinishaji ulikamilika bila tatizo.

Kumbukumbu hiyo inatosha, kwa kuwa PostgreSQL kwa kawaida hujitengea MB 128 tu za kuhifadhia data inayotumika mara kwa mara. Kuhusu kuunganishwa, hakikisha kwanza kwamba seva yenyewe, yaani sehemu ya PostgreSQL inayopokea maombi, inafanya kazi, kisha angalia namba ya poti, yaani mlango ambao programu hupitia kuifikia seva: ya kawaida ni 5432, lakini ikiwa toleo la zamani bado limo kwenye mashine, toleo jipya huweza kupewa 5433, na programu yako itaendelea kugonga mlango usio wake. Nashuku hilo ndilo lililokupata, kwa sababu umetaja kwamba uliwahi kuiweka mwaka jana. Usifute toleo la zamani kabla ya kutoa nakala ya data yako kwa pg_dump, amri ya PostgreSQL ya kunakili data, kwani toleo kuu jipya haliwezi kusoma moja kwa moja mafaili ya lile lililotangulia.

Nywila ya mtumiaji mkuu, postgres, iandike mahali salama, na kwa mazoezi ya kila siku ufungue akaunti nyingine yenye mamlaka madogo. Poti usiifungue kwa intaneti, huihitaji. Na kama lengo ni kujifunza amri za SQL pekee, yaani lugha ya kuulizia data, hifadhidata nyepesi ya SQLite, isiyohitaji seva na inayoweka data yote katika faili moja, ingekuondolea usumbufu huu wote.